Kujifunza pikipiki Pemba: jua kusimama kabla hujajua kwenda

Hapa kwetu mtu hufundishwa pikipiki baina ya alasiri na magharibi. Kaka yake au rafiki yake humkalisha juu ya kiti, humwonesha klachi na gia, kisha humwambia, "Vuta mafuta kidogo, achia." Ikishakwenda mita mia bila kulala, mwanafunzi kesha kuhitimu. Kesho yake utamkuta Machomane, pale Chake Chake, kampakia mama yake na kiroba cha unga. Breki atazijua siku atakayozihitaji, na siku hiyo huwa si siku nzuri ya kujifunza kitu.

Mwongozo huu nimeupanga kinyume: kwanza kusimama, kisha kwenda polepole, kisha kona na vilima, na barabara kuu baada ya hayo yote. Unamfaa kijana anayeanza, unamfaa dada anayetaka skuta ya kwendea kazini, na unamfaa pia kaka mtu au ami aliyeombwa amfundishe mwengine. Mifano mingi ni ya Pemba kwa sababu ya vilima vyake. Aliye Unguja ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Leseni ya kujifunzia, kibao cha L na bima iliyo hai vitangulie. Si kwa kumkwepa trafiki tu. Ukimgonga mtu nawe huna leseni wala bima, matibabu yake yatalipwa na nyumba nzima, na ng'ombe aliyefungwa mnazini ndiye atakayeuzwa mwanzo.

Pikipiki ya kujifunzia

Tafuta nyepesi, ya cc 100 mpaka 125, ambayo ukiikalia nyayo zako zote mbili zinagusa chini. Mwanafunzi huanguka zaidi pikipiki ikiwa imesimama au inataka kusimama kuliko ikiwa inakwenda: mguu haukufika chini, uzito ukaegemea upande mmoja, na zaidi ya kilo mia haziokolewi kwa mkono mmoja. Ile kubwa ya shemeji iliyoletwa kutoka ng'ambo iache ikae bandani.

Visiwani utakuta aina tatu, na kila moja ina mikono yake. Pikipiki ya gia: mkono wa kushoto ni klachi, wa kulia ni breki ya mbele na mafuta, mguu wa kushoto ni gia, wa kulia ni breki ya nyuma. Mpangilio wa gia haufanani. Nyengine, ya kwanza huenda chini na zilizobaki juu. Nyengine, gia zote hukanyagwa upande mmoja. Muulize mwenyewe kabla hujaiwasha, usibahatishe.

Vespa ya zamani ina gia kwenye mkono wa kushoto: unabana klachi, unausokota mshiko pamoja nayo, na breki ya nyuma ni kanyagio la sakafuni upande wa kulia. Injini yake imekaa kulia, kwa hivyo ukiisukuma utahisi inavutia huko. Skuta ya otomatiki haina klachi kabisa. Pale palipokuwa na klachi pana breki ya nyuma. Aliyezoea gia akiazima skuta hubana mkono wa kushoto kwa nguvu zote akidhani ni klachi, tairi la nyuma linafunga, na yeye yuko chini. Chagua aina moja ukae nayo mpaka mikono izoee. Siku ukihamia nyengine, rudi kiwanjani uanze tena, hata kama ni kwa saa moja tu.

Na skuta usiisukume ikiwa imewashwa. Umesimama ubavuni, mkono wa kulia uko kwenye mafuta, inakuponyoka kidogo. Mkono hushikilia ili isianguke, na kule kushikilia ndiko kuvuta mafuta. Itakukokota mpaka ukutani. Zima kwanza.

Kichwani na mwilini

Helmeti ifungwe mkanda. Ile inayokaa kichwani kama kofia tu hutoka kabla kichwa hakijafika chini. Ipime hivi: ivae, funga mkanda mpaka vidole viwili tu vipite baina yake na kidevu, kisha ishike kwa nyuma uivute kwenda juu na mbele. Ikivuka kichwa ni kubwa, tafuta nyengine. Iliyowahi kugonga chini kwenye ajali usiinunue hata kwa bei ya kutupa, kwani ile povu ngumu ya ndani hufanya kazi mara moja; ikishabonyea hairudi, ingawa nje unaona inang'aa. Kwa anayefunga nywele fundo kubwa kisogoni: fundo huinyanyua helmeti ikakaa paji la uso, kwa hivyo zisuke chini au zishushe shingoni.

Wanawake wanaoendesha ni wengi siku hizi, na hatari yao kubwa si woga kama wasemavyo wanaume barazani, ni pindo. Pindo la baibui likipeperuka hukamatwa na cheni au spoki za tairi la nyuma. Usidhani litachanika upesi. Linajisokota, linavuta, na kinachofuata nguo ni mwili. Vaa suruali ndani. Likusanye baibui mpaka magotini, likalie, na pindo la nyuma ulibane chini ya paja kabla hujawasha. Ncha za mtandio ziingie ndani ya koti, zisining'inie mgongoni. Abiria wako ndiye wa kumtazama zaidi, maana yeye amekaa karibu na tairi kuliko wewe, na wengi hukaa upande. Mkague kwa macho yako, usimuulize tu kama yuko tayari. Kanzu nayo ni hivyo hivyo. Skuta ina sakafu bapa na haina cheni ya nje, ndiyo maana nawashauri wanaovaa baibui waanze nayo.

Viatu viwe vya kufunga. Kandambili huvuka pale pale unapotaka kuweka mguu chini.

Hatua ya kwanza: injini imezimwa

Muombe sheha au wenye kiwanja cha mpira mutumie asubuhi, kabla watoto hawajaja. Wako wanaopenda pwani maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu. Si pabaya kwa siku za mwanzo, lakini ioshe kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Chumvi hula cheni na rimu upesi sana.

Weka nyutro, simama upande wa kushoto, isukume huku mkono wa kulia uko karibu na breki ya mbele. Isimamishe kwa breki hiyo. Isukume tena, isimamishe tena. Kisha iegemeze kidogo kidogo upande wako mpaka uhisi pale uzito unapotaka kukushinda, uirudishe. Ipindishe kushoto, ipindishe kulia, irudishe nyuma, ipandishe stendi na kuiteremsha. Yanaonekana mambo ya kitoto, lakini aliyeujua uzito wa pikipiki kwa mikono yake hashtuki inapoinama.

Halafu panda, injini bado imezimwa. Jua kila kitu kilipo bila kutazama: honi, indiketa, taa, swichi ya kuzimia. Mwalimu ataje, wewe uguse. "Honi. Breki ya nyuma. Zima." Swichi ya kuzimia uijue kuliko zote.

Angalia na mkono wa kulia ulivyoshika mafuta. Kifundo kiwe chini, usawa wa mshiko au chini yake. Ukishika na kifundo kikiwa juu, ukishtuka utajivuta nyuma, kifundo kitashuka na kuvuta mafuta wakati ule ule unaotaka kusimama.

Hatua ya pili: klachi

Washa, bana klachi, tia gia ya kwanza. Miguu yote chini. Sasa achia klachi taratibu sana, bila mafuta, mpaka usikie mlio wa injini unashuka na pikipiki inataka kwenda. Usiachie zaidi. Bana tena. Hapo klachi inaposhika ndipo penye ufunguo wa mwendo wote wa polepole, nawe ukae hapo kwa dakika nyingi kuliko unavyodhani panastahiki: iache iende hatua moja, bana, irudishe kwa miguu, iache tena.

Mikono yako ikishapajua pahala hapo, ongeza mafuta kidogo, iache itembee huku miguu inafagia chini, bana, simama. Kisha nyanyua miguu. Mwalimu atembee ubavuni, si mbele. Wanafunzi wana tabia ya kwenda pale wanapotazama, na wanachotazama ni mwalimu.

Ikizima, na izime. Hakuna aibu kwenye kuzima. Aibu ni kuogopa kuzima ukavuta mafuta mengi na kuiachia klachi kwa mkupuo, tairi la mbele likanyanyuka.

Hatua ya tatu: kusimama

Breki ya mbele ina jina baya mitaani. Utaambiwa usiiguse, itakupindua, tumia ya mguu. Walioambiwa hivyo ndio wanaoacha mistari mirefu myeusi kwenye lami na kuishia nyuma ya gari la abiria la shamba.

Unapofunga breki uzito wote huenda mbele. Tairi la mbele linabanwa chini na kushika vizuri, la nyuma linakuwa jepesi na kuserereka kwa urahisi. Ndiyo maana kazi kubwa ya kusimamisha, kiasi cha asilimia 70 na zaidi kwenye lami kavu, hufanywa na breki ya mbele. Inayopindua watu ni ile iliyonyakuliwa ghafla, au iliyobanwa usukani ukiwa umepinda, au juu ya mchanga. Ibane kama unavyokamua tui: mkono unaanza laini, unaongeza, unaongeza, mpaka mwisho wa nguvu.

Fanya hivi kwenye ardhi ngumu iliyonyooka. Panga makumbi ya nazi mawili kama lango. Njoo kwa kilomita 20 kwa saa. Tairi la mbele likifika langoni: funga mafuta, kamua ya mbele, kanyaga ya nyuma kwa wepesi, na kabla haijasimama bana klachi urudi gia ya kwanza. Mguu wa kushoto chini, wa kulia ubaki kwenye breki. Macho yawe mbele kwenye mnazi wa mbali. Anayetazama tairi huinama, na pikipiki nayo inainama.

Hesabu hatua kutoka langoni mpaka uliposimama. Rudia mpaka hatua zipungue na pikipiki isimame bila kuyumba, ndipo uongeze mwendo kufika 30, kisha 40. Tairi la nyuma likifunga na kuserereka, legeza mguu kidogo huku usukani umenyooka. Likifunga la mbele, achia mara moja ukamue upya kwa upole zaidi. Zoezi hili ukishapata leseni lirudie, maana mkono husahau.

Sasa hesabu ya barabarani. Kwa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde. Ukiona mtoto anavuka, mpaka akili ifahamu na mkono ubane inapita kama sekunde moja, na kwa lami kavu na breki nzuri utahitaji mita 9 nyengine. Jumla 20. Kwa kilomita 60, sekunde ile ya kufahamu peke yake inakula karibu mita 17, ambazo ni kutoka mstari wa goli mpaka ukingo wa boksi la penalti. Ongeza mita 20 za breki, unapata 37. Mwendo umeongezeka nusu tu, lakini masafa ya kusimama yamekaribia maradufu. Nenda kiwanjani ukayapime kwa miguu.

Hatua ya nne: polepole, tena polepole

Kwenda kasi kila mtu anaweza. Mtihani ni kupita baina ya madaladala yaliyosimama kituoni kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kuweka mguu chini. Siri yake ni vitu vitatu kwa pamoja: mafuta yasiyobadilika, klachi iliyoshikwa pale inaposhikia, na breki ya nyuma iliyobanwa kidogo. Ya mbele usiiguse ukiwa umekata usukani kwa mwendo huo.

Panga makumbi sita, hatua tano baina ya moja na jengine, upite nje ndani. Kisha zungusha duara, kulia na kushoto. Wengi duara la upande mmoja huwashinda; fanya zaidi upande huo. Zungusha kichwa chote utazame unakotaka kufika, hata kama shingo inauma.

Kona na vilima

Barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani haikai sawa: unapanda, unashuka, na kila ukishuka kuna kona chini. Kwa hivyo mwendo upunguzwe kabla ya kona, pikipiki ikiwa imenyooka. Ukiwa ndani ya kona kazi ya breki iwe imekwisha, mafuta yawe madogo na thabiti, jicho liko mwisho wa kona. Ukipita kwa kasi kidogo, pikipiki haipindi kwa kuzungusha usukani kama baiskeli ya mtoto: sukuma mbele kwa upole mkono wa upande unaokwenda. Unakwenda kulia, sukuma wa kulia. Itainama na kupinda. Lijaribu kiwanjani kwa kilomita 30 kwanza, ulihisi.

Kona ya kulia, kaa kushoto kwako, lakini usiende mpaka kwenye mchanga wa pembeni. Kona ya kushoto, usijisogeze kwenye mstari wa kati. Gari inayokuja huikata kona hiyo hiyo, na mara nyingi gurudumu lake liko upande wako. Honi moja kabla ya kona iliyozibwa na migomba si ufidhuli.

Kuanza mlimani: shika breki ya mguu, mguu wa kushoto chini, leta klachi mpaka inaposhika na uhisi pikipiki inataka kupanda, ongeza mafuta, ndipo uachie breki. Mpangilio huo usiugeuze. Mteremkoni, baki kwenye gia. Ule mchezo wa kutia nyutro ili kuokoa mafuta unakuacha na breki peke yake, na breki za ngoma zikipata moto hulegea. Kwa mwenye vespa ya zamani kuna jambo jengine: oili yake imechanganywa na petroli, kwa hivyo ukishuka mlima mrefu mafuta yamefungwa kabisa, injini inazunguka kwa kasi bila kulainishwa vya kutosha. Vuta mafuta kidogo kila baada ya muda.

Siku ya kwanza barabarani

Chagua asubuhi mapema ya Jumapili, njia fupi unayoijua, mwalimu nyuma yako na pikipiki yake. Kaa kushoto ila si ukingoni kabisa. Pahala pa tairi la kushoto la gari panatosha, mchanga ni mchache na unaonekana. Kabla ya kukata kulia: kioo, indiketa, kisha geuza kichwa utazame begani kwa kulia, maana kioo hakioni kila kitu na kuna anayekuovateki sasa hivi. Ukishapinda zima indiketa, kwani kwenye pikipiki nyingi haijizimi.

Gari la abiria lililo mbele yako lihesabu kuwa linasimama wakati wowote. Kondakta akigonga bodi dereva hatafuti kituo, anasimama. Liachie nafasi ya sekunde mbili: likipita mnazi fulani, anza kuhesabu, wewe usiufikie kabla ya mbili. Likisimama usilipite kwa kushoto. Ndiko wanakoshukia watu, na kwa kulia kuna mtoto anayevuka mbele yake usiyemuona.

Kuna mambo ambayo vitabu vya udereva haviyataji, nayo ni ya kila siku. Ng'ombe amefungwa upande huu wa barabara na majani mazuri yako upande wa pili: usimtazame ng'ombe, tazama kamba. Imekatiza lami kwa kimo cha tairi lako, na ikikaza inapandisha. Msimu wa karafuu, majamvi ya kuanikia hukaribia lami, na makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyomwagika hubingirika chini ya tairi. Pita umenyooka bila breki. Mchana skuli zikitoka, na tena jioni madrasa zikiachia, watoto huja kundi zima na mmoja wao anamkimbiza mwenzake bila kutazama. Ukimuona wa kwanza kavuka, basi wa pili yuko njiani.

Unguja ina yake. Paje na Nungwi utakutana na mgeni aliyekodi skuta, kavaa kaptura, na kwao wanaendesha kulia. Akichanganyikiwa kwenye njia panda hukimbilia upande wako. Jozani kuna matuta kwa ajili ya kima punju wanaovuka. Simama juu ya vikanyagio magoti yamekunjika, usilipige tuta umekaa. Na mjini usichomekee kwenye kipilefti kwa kuwa tu pikipiki inaenea.

Mvua, giza na Ramadhani

Mvua ya mwanzo ndiyo mbaya kuliko ya saa nzima: vumbi na oili ya magari huchanganyika na maji, lami inateleza kabla haijasafika. Ikianza, simama barazani kwa mtu robo saa. Hakuna Mpemba atakayekufukuza. Ukiendelea, zidisha nafasi ya mbele mara mbili na ubane breki mapema na laini. Rangi nyeupe za barabarani na vifuniko vya chuma vivuke umenyooka. Dimbwi usilolijua kina chake lizunguke.

Usiku nje ya miji kuna kiza kweli. Mtu mwenye baibui jeusi, baiskeli isiyo na taa, gari la ng'ombe, vyote utaviona vikiwa vimeshakaribia. Mwendo wako usizidi pale taa yako inapofika. Gari ikija na taa kubwa, tazama ukingo wa kushoto wa lami mpaka ipite. Anayeanza aache usiku mpaka miezi kadhaa ipite.

Ramadhani, baina ya alasiri na magharibi, barabara hubadilika. Watu wana njaa, kichwa kizito, kila mmoja anakimbilia futari nyumbani. Kama huna lazima usiwemo. Ukiwemo, weka tende na chupa ya maji chini ya kiti, adhana ikikukuta njiani simama ufungue hapo hapo.

Kila asubuhi, dakika mbili

Tairi: upepo na misumari, na kashata zisiwe zimeliwa. Breki zote mbili zibane kabla hujatoka nje ya ua. Taa ya mbele, ya nyuma, na ile ya breki. Cheni inyanyue kwa kidole katikati: icheze kiasi cha sentimita mbili au tatu, si zaidi, na iwe na oili. Oili ya injini itazame pikipiki ikiwa imesimama wima, si juu ya stendi ya pembeni. Stendi yenyewe hakikisha umeikunja, kwani iliyoachwa nje hugonga chini kona ya kwanza ya kushoto.

Ukianguka, au ukimkuta aliyeanguka

Zima injini, toka barabarani, mtu mmoja asimame kabla ya kona kuzuia magari. Aliyelala chini usimnyanyue kwa kumvuta makwapani wala usimvue helmeti kwa pupa. Shingo huenda imeumia. Kama anapumua, mshike kichwa kisitikisike na mutafute msaada, namba ya dharura ni 112. Hata wewe uliyesimama mwenyewe na kujifuta vumbi ukisema huna kitu, kichwa kikiuma au ukitapika baadaye siku hiyo, nenda hospitali.

Kumpakia mtu

Subiri mpaka uweze kusimama kutoka kilomita 40 bila kuyumba na kuanza mlimani bila kurudi nyuma. Abiria wa kwanza awe mtu mzima, mwepesi kuliko wewe, asiye na mzigo, na awe na helmeti yake. Apande wewe umeshaweka miguu yote chini na kubana breki, akuambie kwanza anapopanda. Mwambie ashike kiunoni, miguu isitoke kwenye vikanyagio hata mukisimama, na konani ainame nawe, asijinyooshe upande wa pili kwa woga. Upepo wa tairi la nyuma uongeze kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki, na masafa yako ya breki uyarefushe, kwani uzito umeongezeka. Mshikaki, yaani kupakia zaidi ya mmoja, hapana. Na mtoto ambaye miguu yake haifiki vikanyagio asikalishwe mbele juu ya tanki, maana ukifunga breki yeye ndiye anayeupokea usukani. Mpeleke kwa gari la shamba.